Tunaposema "ni silika yake", tunamaanisha nini hasa?

Kila inapotoka habari ya mtoto mchanga aliyeokotwa jalalani, maneno ya watu hufuata njia ile ile. Mmoja atasema hata mnyama hatupi mwanawe. Mwingine atauliza ni mwanamke gani huyu asiye na silika ya umama. Wiki hiyo hiyo mume wa mtu akikutwa nyumba nyingine, utawasikia wasemaji wale wale wakiongea kwa upole: mwanamume ndivyo alivyoumbwa, ni maumbile tu. Silika inamhukumu mama na kumwachilia baba, na katika kesi zote mbili hakuna aliyeuliza silika ni kitu gani, inafanyaje kazi, na inamlazimisha mtu kwa kiasi gani.

Nadhani maswali hayo yanastahili majibu ya kweli, kwa sababu kutoelewa kwetu kunaumiza watu, hasa wanawake waliojifungua juzi na wanaojiuliza usiku kama wana kasoro.

Silika ni tabia ambayo kiumbe huifanya bila kufundishwa, kwa kuwa mwili na ubongo wake vimerithi namna ya kuifanya. Huonekana kwa karibu kila mmoja wa jamii yake, hata aliyelelewa peke yake, na huamshwa na kichocheo fulani: harufu, umbo, sauti au mwanga. Ndama wa nyumbu kule Ndutu, kusini mwa Serengeti, husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na kuanza kumfuata mama. Hakuna aliyemwelekeza, wala hana muda wa kuelekezwa, maana fisi yuko karibu.

Tusiichanganye na mambo mawili ya jirani. Ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujasikia maumivu. Ujumbe umefika kwenye uti wa mgongo na kurudi kwenye misuli, na ubongo umepata habari baadaye. Huo ni mwitikio wa ghafla, njia fupi ya neva, wakati silika ni mfululizo wa vitendo wenye mwelekeo. Jambo la pili ni machale. Dereva wa bodaboda anayemkataa abiria usiku kwa sababu machale yamemcheza hakuzaliwa na ujuzi huo. Barabara imemfundisha kusoma mikono ya mtu, macho yake na mahali anapotaka kupelekwa, kwa kasi ambayo mwenyewe hawezi kuieleza. Hayo ni mafunzo yaliyozama ndani mno, na ndiyo maana dereva mgeni hana machale ya mkongwe.

Tuanze na silika iliyo rahisi kuliko zote kuichunguza. Mwaka 1938 Konrad Lorenz na Niko Tinbergen walichapisha uchunguzi wao wa bata bukini wa kijivu, ambaye hutaga na kuatamia chini. Akiona yai limebingirika nje ya kiota, hunyoosha shingo, hulizuia kwa upande wa chini wa mdomo, na kulivuta taratibu hadi ndani. Watafiti wakaliondoa yai katikati ya kazi. Bata hakusimama. Aliendelea kuvuta mdomo mtupu mpaka kiotani, kana kwamba yai lingalipo. Kichocheo kilikuwa kimekwisha kuamsha tabia, na tabia ikaenda hadi mwisho wake. Mwaka 1973 wawili hao, pamoja na Karl von Frisch aliyefafanua jinsi nyuki wanavyoelekezana kwenye maua kwa kucheza, walipewa Tuzo ya Nobeli.

Upofu huo una gharama, na sisi wa pwani tunaiona kwa watoto wa kasa. Katika kisiwa cha Juani huko Mafia, au Watamu nchini Kenya, mayai huanguliwa mchangani na vitoto hutoka kwa kawaida usiku. Hakuna mama wa kuwaongoza. Alirudi baharini siku ile ile aliyotaga. Vitoto huelekea kule kunakong'aa zaidi karibu na upeo wa macho. Tangu zama za kale upande huo ulikuwa bahari, kwa kuwa maji huakisi mwanga wa mbingu na vichaka vya nyuma ni giza. Waliofuata mwanga walifika majini, wakakua, wakazaa. Waliokwenda vichakani waliliwa na kaa na ndege bila kuacha kizazi. Vizazi vikapita, na mwelekeo uliobaki ni ule wa waliofika. Hivyo ndivyo silika zinavyojengeka, bila mwalimu na bila mpango. Lakini jenga hoteli nyuma ya ufukwe, washa taa usiku kucha, na kitoto cha kasa kitageuka na kutambaa kuelekea barabarani kwa bidii ile ile. Silika haijaharibika hata kidogo. Ufukwe ndio umebadilika.

Laiti silika zote zingekuwa hivyo, mjadala wetu ungekuwa mwepesi. Wanyama wengi, hasa wenye ubongo mkubwa, wana silika za namna nyingine, na namna hiyo ndiyo isiyosemwa mitaani. Fikiria fomu unayopewa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Maneno yamechapishwa tayari, huwezi kuyafuta. Lakini mbele ya kila neno kuna nafasi tupu, na fomu haina kazi mpaka ijazwe. Silika nyingi ziko hivyo: swali limerithiwa, jibu linaandikwa na maisha.

Waliofuga kuku kijijini wanaujua ushahidi wa jambo hili. Kuku anayeatamia huwekewa mayai ya bata, naye huyatotoa bila kubagua. Vifaranga vya bata humfuata kuku huyo kila aendako, kwa sababu kwao "mama" ni nafasi tupu, nayo hujazwa na kiumbe anayesogea mbele yao saa za mwanzo baada ya kuanguliwa. Lorenz alionyesha kwamba hata binadamu anaweza kujaza nafasi hiyo, na vifaranga vya bata bukini vikamfuata yeye. Sasa subiri msafara ufike kwenye dimbwi. Vifaranga vinaingia majini na kuogelea, huku kuku akihangaika ukingoni, akilia na kuwaita. Nani wa kumfuata, walijifunza. Maji hawakujifunza kwa yeyote.

Kule Amboseli, watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi milio ya tumbili ya kuonya hatari na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Walipoicheza kwa spika, bila mnyama yeyote wa kutisha kuwapo, mlio wa chui uliwafanya tumbili walio chini wakimbilie mitini. Mlio wa tai uliwafanya watazame juu au wajitupe vichakani. Mlio wa nyoka uliwafanya wasimame kwa miguu ya nyuma na kukagua majani. Kinachonivutia zaidi ni watoto wao. Tumbili mdogo hutoa mlio wa tai kwa korongo asiye na madhara, na hata kwa jani linaloanguka. Lakini hatoi mlio wa tai kwa mnyama wa nchi kavu. Kwamba kitu cha angani kina mlio wake, amezaliwa na hilo. Ni kipi cha angani kinachomla, anajifunza kwa wakubwa. Mwaka 2019 watafiti waliwarushia ndege isiyo na rubani tumbili wa jamii ya karibu nchini Senegal. Hawakuwa wamewahi kukiona chombo hicho, wala hawakuwa na desturi ya kutoa mlio wa tai, lakini walitoa mlio uliofanana sana na ule wa jamaa zao wa Amboseli.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa mfano mmoja tu, ningemchagua mlembe, ndege mdogo wa rangi ya majivu anayepatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mlembe anapenda nta na mabuu ya nyuki, lakini hawezi kuvunja mzinga mtini. Binadamu anaweza, ana shoka na moshi. Basi mlembe humjia mtu, hulia kwa mlio maalumu, huruka mti hadi mti akimngoja, mpaka kwenye nyuki. Mtu huchukua asali, ndege hubakiwa na masega. Mwaka 1989 Hussein Adan Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha vipimo vyao kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: katika eneo wasilolijua, wawindaji walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa naye.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mlembe hajawahi kulelewa na mlembe. Mama yake hutaga katika kiota cha ndege wa jamii nyingine na kuondoka. Kifaranga huzaliwa kipofu, na ncha kali mdomoni ambayo huitumia kuua vifaranga vya mwenye kiota, kisha hulelewa na wazazi wasiojali nta wala binadamu. Kwa hiyo hamu ya kuwaongoza watu haiwezi kuwa somo alilopewa na wazazi. Hapo wengi wangefunga mjadala: silika tupu.

Ila mlembe anasikiliza pia. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita kwa sauti ya "brrr" inayomalizikia kwa "hm". Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba sauti hiyo, ikilinganishwa na sauti nyingine, ilipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka takriban asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, humwita kwa mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walibadilisha sauti: wakapiga mluzi wa Kihadzabe kule Niassa na mlio wa Kiyao kwa Wahadzabe. Ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa wageni, na wale wa Msumbiji karibu mara mbili kwa mlio wa Kiyao. Ndege amezaliwa na hamu ya kumwongoza mtu. Desturi ya watu wa eneo lake inabidi aishi nao ndipo aijue. Ukimuuliza mlembe kama anaongozwa na silika au na mafunzo, hana namna ya kuvitenganisha.

Sasa binadamu. Mtoto mchanga amekuja na vitu vyake. Mguse shavu, atageuza kichwa na kufungua mdomo kutafuta ziwa. Mwekee kidole kiganjani, atakikamata. Piga mlango kwa kishindo, naye atatupa mikono pande mbili, atatanua vidole, kisha ataikusanya kifuani. Mshtuko huo unaitwa kwa jina la daktari wa watoto kutoka Austria, Ernst Moro, aliyeueleza mwaka 1918. Katika nyumba nyingi hapa kwetu husemwa mtoto ameona kitu au kapigwa kijicho, na hirizi hutafutwa. Kwa kweli mtoto anayeshtuka hivyo anaonyesha kwamba neva zake zinafanya kazi, na wakunga na madaktari hukagua kama mshtuko upo na kama mikono yote miwili imeinuka sawa. Hupotea kufikia miezi minne hadi sita. Kinachohitaji hospitali haraka ni kitu tofauti: mishtuko inayokuja mfululizo, mmoja baada ya mwingine, hasa mtoto anapoamka.

Husemwa pia kwamba binadamu wote huzaliwa wakiwaogopa nyoka. Karibu na ukweli, lakini si hivyo. Watoto wa miezi sita wakionyeshwa picha za nyoka, mboni za macho yao hutanuka kuliko wakionyeshwa samaki. Miili yao imezinduka, ila kuzinduka bado si kuogopa. Susan Mineka na mwenzake Michael Cook walifanya kazi na kima aina ya resus waliokulia maabara. Kima hao hawakuwaogopa nyoka. Walipoonyeshwa video ya mwenzao akimwogopa nyoka, walianza kuogopa. Walipoonyeshwa video iliyounganishwa ili mwenzao aonekane akiogopa maua, hawakuanza kuogopa maua. Walichorithi ni wepesi wa kujifunza hofu ya nyoka, na somo lenyewe lilisubiri mwalimu. Mama anayepiga ukelele shambani ndiye anayemfundisha mwanawe, naye mtoto hushika mara moja.

Tukiwa na hayo mkononi, turudi kwa mama. Ndiyo, mwili wa mwanamke anayejifungua una maandalizi ya kurithi. Homoni ya oksitosini hubana mji wa mimba, husukuma maziwa mtoto anaponyonya, na huchangia ule mvuto kati yao. Lakini mtoto anajua kunyonya kuliko mama anavyojua kunyonyesha. Namna ya kumshika, kumsogeza mpaka sehemu kubwa ya eneo jeusi la ziwa iingie mdomoni, na kujua chuchu inauma kwa sababu ameshika vibaya: hayo hufundishwa, na hata sokwe huyasomea. Kule Gombe, ambako Jane Goodall alianza uchunguzi wake mwaka 1960, binti wa sokwe hukua akimtazama mama akilea wadogo zake na kuwabeba mwenyewe. Sokwe waliolelewa na watu bila mama zao, wakija kuzaa, mara nyingi hawajui wamshikeje mtoto, na wengine humkataa.

Wazee wetu walilifahamu hili bila maabara. Ile arobaini ya mzazi, akiwa na mama yake, shangazi au mkunga pembeni, akikandwa maji ya moto, akipikiwa uji, akioneshwa namna ya kumwogesha mtoto, ilikuwa darasa pamoja na pumziko. Leo binti wa miaka 20 anajifungua, anarudi kwenye chumba cha kupanga peke yake, mtoto analia usiku kucha, ziwa limevimba, na mapenzi aliyoahidiwa kwamba yatakuja yenyewe hayajaja. Halafu anaambiwa hana silika. Naona huo ni ukatili. Kwa wanawake wengi mapenzi huja taratibu, kwa kumshika mtoto na kumzoea. Na huzuni inayopita wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kituo cha afya kwa haraka ile ile ambayo angepelekwa kwa homa.

Na hii hoja ya "hata mnyama hafanyi hivyo" ni uongo wa wazi. Wafugaji wa sungura wanajua kwamba jike akisumbuliwa au akikosa maji anaweza kula watoto wake. Simba dume wapya wakiteka kundi huko Serengeti huua watoto wa madume waliofukuzwa, ili majike wawe tayari kupandwa mapema. Kumtupa mtoto ni kosa la jinai, na mtoto yule anastahili ulinzi wote. Lakini sababu yake ni kwamba sisi ni watu wenye sheria na dhamiri, wala hatukuazima wajibu huo kwa simba. Kinachofanyika porini hakituambii kipi ni halali, iwe tunataka kulaani au kutetea. Hoja ya silika pia hutuzuia kuuliza yaliyo muhimu zaidi: binti huyo alimwogopa nani, na baba wa mtoto yuko wapi?

Baba naye ana fomu yake. Mwaka 2009 Martin Muller na wenzake, akiwemo Mtanzania Revocatus Bugumba, walichapisha vipimo vya testosteroni, homoni ya kiume, vya wanaume wa jamii mbili zinazopakana, Wahadzabe na Wadatoga. Baba wa Kihadzabe hukaa sana na wanawe wadogo, huwabeba na kulala nao. Kwa desturi ya Kidatoga malezi ya mtoto mdogo ni kazi ya wanawake. Wahadzabe wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko Wahadzabe wasio na watoto. Kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti kama hiyo. Mtu anaweza kudai labda wanaume wenye testosteroni kidogo tangu awali ndio wanaopata watoto. Uchunguzi wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanaume 624 kwa takriban miaka minne na nusu, na ukaonyesha kinyume: waliokuwa na testosteroni nyingi mwanzoni ndio waliokuwa na uwezekano zaidi wa kupata mwenzi na mtoto, kisha homoni ikashuka, na ilikuwa chini zaidi kwa waliomhudumia mtoto saa tatu au zaidi kwa siku.

Kwa hiyo mwanamume anayesema ameumbwa kutangatanga ametaja swali moja la fomu na kuficha jingine. Mwili alioumbiwa una pia sehemu ya ulezi, nayo hujazwa na kazi ya kila siku: kubeba, kuogesha, kuamka usiku. Na anayehofia kwamba kushuka kwa homoni hiyo kutampunguzia uanaume awatazame Wahadzabe wale wale. Ni wawindaji wa upinde.